Mafuta ya Mrihani: Jina, Dutu na Matumizi

Katika maduka ya dawa na mikononi mwa wachuuzi wa miji yetu huonekana vichupa vidogo vya rangi ya kahawia vyenye maandishi ya Kifaransa *huile essentielle de basilic*. Wauzaji hueleza kwamba mafuta hayo hutuliza tumbo, hufukuza mbu, huondoa uchovu wa akili na kuua vijidudu vya ngozi. Mnunuzi akiuliza kwa Kiswahili ni mafuta ya nini, atajibiwa mara «ya mrihani», mara «ya kivumbasi», mara «ya lumbalumba», kana kwamba majina hayo matatu ni nguo tatu za mtu mmoja.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba sivyo. Sifa za mafuta haya hazitokani na jina la mmea, bali na dutu iliyo nyingi ndani yake. Na dutu hiyo yaweza kubadilika kabisa hata pale ambapo jina halikubadilika. Kwa hiyo kazi ya kutaja vitu kwa majina yake, ambayo kwa kawaida huachiwa wanaisimu na watunga kamusi, hapa inagusa ini la mtu mzima na pumzi ya mtoto mchanga. Tutasema kwanza juu ya majina, kisha juu ya namna mafuta yanavyopatikana, ndipo tufike kwenye dutu zenyewe, faida zake na madhara yake.

Majina

Tuanze na jina la mafuta kwa jumla. Katika tafsiri nyingi tunakuta «mafuta muhimu». Tafsiri hiyo yapotosha. Kivumishi *essentielle* hapa hakina maana ya kitu cha lazima. Kinatokana na *essence*, yaani kiini. Wakenekaji wa zamani waliona kwamba mvuke unapopita katika majani huondoka na harufu yote na kuacha nyuma makapi yasiyonusika, wakaamini kwamba kilichotoka ndicho kiini cha mmea, au kama wengine walivyosema, roho yake. Mtu anayeambiwa kwamba kichupa kina «mafuta muhimu» aweza kudhani kuwa mwili wake unayahitaji kama unavyohitaji maji au chumvi. Hauyahitaji. Katika makala haya tutatumia «mafuta ya harufu», jina lisilo na fahari yoyote, lakini lisilodanganya.

Na tukumbuke kwamba Kiswahili hakikungoja karne hii ili kupata istilahi katika jambo hili. Wenyeji wa pwani walikuwa na *hal-waridi*, yaani mafuta ya harufu ya waridi, na *hal-udi*, ya mti wa udi. Walikuwa pia na *marashi*, neno lililotokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kunyunyiza, na ambalo hasa lilitaja maji ya waridi yaliyotiwa katika mrashi ili wageni wanyunyiziwe. Tofauti kati ya *hal* na *marashi* ni ile ile ambayo Wafaransa huitaja kwa *huile essentielle* na *eau florale*. Ukikeneka majani ya mrihani utapata vyote viwili kwa mkupuo mmoja, na sioni sababu ya kuvitafutia majina mapya ilhali ya zamani yapo.

Jina *mrihani*, ambalo wengine hutamka *mrehani*, linatokana na Kiarabu *rayhan*, mmea wenye harufu nzuri, neno linalopatikana katika Kurani, sura ya 55 na ya 56. Kiswahili kimelitia katika ngeli ya miti. Msomaji asilichanganye na *rehani*, yaani kitu kiwekwacho kwa mkopeshaji kuwa dhamana ya deni. Maneno hayo mawili yana mizizi tofauti katika Kiarabu, moja ikiwa na h ya kooni na nyingine h nyepesi. Kiswahili hakitofautishi sauti hizo, ndiyo maana yamefanana. Kwa mwanafunzi wa isimu huu ni mfano mzuri wa namna ukopaji unavyozaa maneno yenye sauti moja na maana mbalimbali.

Mrihani wa pwani ni ule ambao wanabotania wanauita *Ocimum basilicum*, jina alilolithibitisha Linnaeus mwaka 1753. *Basilicum* chatoka katika Kigiriki, maana yake «wa kifalme». Wanawake wa Zanzibar na wa Lamu huuchanganya na asmini na maua mengine katika kikuba, kile kifungu cha manukato kinachovaliwa nguoni au katika nywele. Ni mmea wa uani, hupandwa na kumwagiliwa.

Kivumbasi ni jambo jingine. Kwa wasemaji wengi hilo ni jina la mmea wa kando ya njia na wa vichakani, wenye harufu kali, unaofaa kufukuza mbu kuliko kupamba kichwa. Jina hili hubeba spishi zaidi ya moja: *Ocimum americanum*, ambao licha ya jina lake ni mmea wa Afrika na Asia, na pia *Ocimum gratissimum*, kichaka kinachoweza kumpita mtu kwa kimo. Huu wa pili ndio lumbalumba wa magharibi ya nchi yetu, umwenya wa Rwanda na Burundi, na mujaaja ambao Waganda hutia katika chai. Kuna hatimaye *Ocimum kilimandscharicum*, uliopewa jina na Mjerumani Gürke. Tahajia yake ya Kijerumani imebaki ndani ya Kilatini kama mwiba, na wanafunzi huikosea kila mara.

Kifaransa hutupa mimea hii yote katika kapu moja la *basilic*. Kiswahili, kwa kutofautisha mrihani na kivumbasi, kinaona zaidi. Lakini hata Kiswahili hakioni mbali vya kutosha, kama itakavyodhihirika.

Namna mafuta yanavyopatikana

Ukitazama jani la mrihani kwa kioo cha kukuzia, utaona juu ya ngozi yake vijitezi vidogo kama matone ya umande. Mafuta ya harufu yamehifadhiwa humo. Ndiyo maana jani lililotulia hunukia kidogo tu, na lililofikichwa hunukia chumba kizima: kidole kimepasua tezi.

Kuyatoa mafuta hayo hakuhitaji elimu ya ajabu. Mama anayepika lutuku pembezoni mwa Lubumbashi anajua kanuni yote: pipa juu ya moto, kifuniko kilichozibwa vizuri, bomba linalotoka na kupita katika maji baridi, na chombo cha kupokea matone. Anayekeneka mrihani huweka maji chini ya pipa, juu yake wavu, na juu ya wavu majani. Mvuke hupanda, hupasua tezi, huchukua mafuta pamoja nao, hupoa ndani ya bomba na kutoka kama maji yenye utando wa mafuta yanayoelea. Utando huo huenguliwa. Maji yanayobaki yana harufu nyepesi; hayo ndiyo marashi ya mrihani.

Hapo huulizwa swali zuri. Dutu kuu za mafuta haya huchemka kwenye nyuzi 200 hivi. Linaloli kwenye nyuzi 198, estragoli kwenye nyuzi 216, eujenoli kwenye nyuzi 254. Yawezekanaje zitoke katika pipa ambalo maji yake huchemka kwenye nyuzi 100? Jibu ni kwamba mafuta na maji havichanganyikani, na kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenziwe hayupo. Mashinikizo ya mivuke miwili hujumlishwa; jumla hiyo inapofikia shinikizo la hewa, mchanganyiko huchemka, na hiyo hutokea kabla ya nyuzi 100. Ndivyo dutu ngumu kuchemka zinavyotoka bila kuunguzwa.

Mavuno ni haba. Kilo 100 za majani mabichi yenye vilele vya maua hutoa kati ya gramu 100 na 500 za mafuta, kwa kutegemea spishi, udongo, na muda uliopita tangu majani yakatwe. Tukichukua kiasi cha wastani cha gramu 200 kwa kilo 100, basi gramu moja ya mafuta imetoka katika nusu kilo ya majani. Gramu moja ni matone kama 25. Kwa hiyo tone moja lina harufu na nguvu ya gramu 20 za majani mabichi, yaani konzi nzima. Naomba msomaji aishike hesabu hii, kwa kuwa tutairudia.

Dutu zilizomo

Mafuta ya mrihani si dutu moja. Ni mchanganyiko wa dutu nyingi, nyingine zikiwa kidogo mno. Lakini karibu kila mara dutu moja au mbili hutawala, na hizo ndizo zinazoamua harufu, faida na hatari. Wataalamu huita jambo hili kemotipi: mimea ya spishi moja, yenye majani na maua yasiyotofautishwa kwa macho, ambayo kila kundi lake hutengeneza dutu yake kuu. Mfano wa lugha utatusaidia. Watu wawili wanaweza kuitwa wote «wasemaji wa Kiswahili», mmoja wa Bukavu na mwingine wa Mombasa. Jina ni moja, lakini ukiwasikiliza utajua kwamba si kitu kimoja kinachotoka kinywani. Sikio la mkenekaji ni pua yake.

Katika *Ocimum basilicum* peke yake kuna kemotipi zisizopungua nne. Ya kwanza ni ya estragoli, ambayo pia huitwa methili-kavikoli, yenye harufu tamu inayokaribia ile ya bizari tamu. Mafuta ya namna hii ndiyo yaliyojulikana katika biashara kwa majina ya Komoro na Réunion, na humo estragoli mara nyingi hufika asilimia 70 hadi 90. Ya pili ni ya linaloli, harufu ya maua, dutu ile ile inayotawala katika mbegu za giligilani. Mrihani unaolimwa Ulaya na Misri kwa kawaida ni wa kundi hili. Ya tatu ni ya methili-sinamati, inayokumbusha mdalasini, na hupatikana hasa Asia. Ya nne ni ya eujenoli, na mtu yeyote aliyewahi kuumwa jino anaijua, kwa kuwa ndiyo harufu ya karafuu.

Tukitoka kwenye mrihani na kuingia kwenye kivumbasi, mambo yanazidi kuchanganyika. *Ocimum gratissimum* wa Afrika ya Mashariki kwa kawaida ni wa eujenoli, ambayo mara nyingi huwa nusu ya mafuta au zaidi. Wa Afrika ya Magharibi mara nyingi ni wa timoli, dutu inayotiwa katika dawa za kusukutua kinywa. *Ocimum kilimandscharicum* unaolimwa Kenya una kamfa nyingi. Na hapa lugha inatuonya tena. Kiswahili huita kamfa «karafuu maiti», kwa sababu ya kutumika katika kumwandaa maiti kwa maziko. Mtu akisikia kwamba kivumbasi fulani «kinanukia karafuu», na mwingine akisikia «karafuu maiti», watadhani wamesikia jambo moja. Kumbe wa kwanza anasema juu ya eujenoli, inayotuliza maumivu ya jino, na wa pili juu ya kamfa, ambayo ikimezwa na mtoto mdogo huweza kumletea degedege.

Faida zilizothibitika na zile zinazodaiwa tu

Ni vyema kutenganisha mambo matatu ambayo wauzaji huyachanganya: yale yaliyoonekana ndani ya bakuli la maabara, yale yaliyoonekana kwa wanyama, na yale yaliyopimwa kwa watu au katika nyumba zao.

Kuhusu vijidudu, hakuna shaka kwamba mafuta haya huua au kuzuia bakteria na kuvu nyingi ndani ya bakuli la maabara. Timoli na eujenoli ndizo zenye nguvu zaidi; linaloli ni ya wastani. Lakini hata siki huua bakteria katika bakuli. Kati ya bakuli na pafu la mgonjwa kuna safari ndefu, na safari hiyo haijakamilishwa kwa mafuta ya mrihani. Asiyekubali jambo hili aacha dawa ya kifua kikuu na kunusa kichupa.

Kuhusu tumbo, mafuta ya estragoli na yale ya eujenoli yameonekana kulegeza vipande vya utumbo wa wanyama vilivyokazwa kwa makusudi katika maabara. Jambo hili linapatana na desturi ya watu wengi ya kunywa chai ya majani wakati wa msokoto wa tumbo. Linaonyesha kwamba desturi haikuwa ndoto. Halionyeshi kwamba mafuta yaweza kuchukua nafasi ya majani.

Kuhusu jino, eujenoli hutumika hadi leo na madaktari wa meno, wakiikanda pamoja na oksidi ya zinki kuwa saruji ya muda ya kuziba tundu. Hapa dutu imepimwa vya kutosha. Lakini daktari hutumia eujenoli safi kwa kipimo. Anayebandika pamba iliyolowa mafuta ya lumbalumba juu ya ufizi huweza kuuchoma.

Uwanja ambapo mimea hii imefanya kazi kubwa zaidi katika eneo letu ni ule wa wadudu, na hapa inafaa tukae kidogo. Wakulima wa Rwanda wana desturi ya kuchanganya majani ya kivumbasi na maharagwe yanayowekwa ghalani ili kuzuia fukusi. Utafiti uliotangazwa mwaka 1991 ulichunguza desturi hiyo na kukuta kwamba linaloli, dutu kuu ya mmea uliotumika, ndiyo inayoua wadudu hao, na kwamba majani yaliyosagwa wakati ule ule yalikuwa na nguvu. Sababu ni ile tuliyokwisha kuieleza: kusaga hupasua tezi na kuachia linaloli. Lakini linaloli huruka upesi, kwa hiyo unga wa majani uliokaa muda mrefu umepoteza silaha yake. Mkulima anayetaka kulinda maharagwe yake kwa njia hii hana budi kusaga upya, na kufunika chombo vizuri. Hakuna kichupa cha kununua hapo; majani yanatosha, na ghala ni lake.

Kuhusu mbu, majaribio yaliyofanyika magharibi ya Kenya na kutangazwa mwaka 2002 yalitumia nyumba maalum za majaribio na mbu wa malaria, *Anopheles gambiae*. Kivumbasi hai cha spishi *Ocimum americanum*, kikiwa kimepandwa chunguni na kuwekwa nyumbani bila kuchomwa wala kukamuliwa, kilipunguza mbu kwa karibu asilimia 40. Mmea unaokaa tu dirishani kufanya kazi hiyo ni jambo la kustahili heshima, na bibi zetu walioupanda mlangoni hawakuwa wajinga. Hata hivyo, ukifukuza mbu 40 kati ya 100, wanabaki 60, na mmoja atosha kuleta malaria. Chungu cha kivumbasi kiwekwe karibu na chandarua chenye dawa, si mahali pake. Yaliyo katika kichupa, yakipakwa ngozini, hufukuza mbu kwa muda mfupi tu, kwa sababu kinachonusika ni kile kile kinachoruka. Kabla ya usiku wa manane ngozi imebaki uchi.

Tutaje pia kwamba mmea huu umekuwa chanzo cha mapato. Karibu na msitu wa Kakamega, Kenya, kikundi cha wakulima cha Muliru, kikishirikiana na kituo cha utafiti wa wadudu ICIPE, kinalima *Ocimum kilimandscharicum*, kinakeneka mafuta yake na kutengeneza marhamu ya kuchua inayouzwa kwa jina la Naturub. Kamfa ndiyo inayoleta ule ubaridi na joto ambao mtumiaji huuhisi. Walichagua spishi yao wakijua dutu yake, na mmea unaolimwa shambani umewapunguzia watu haja ya kuingia msituni. Kwa udongo wa Katanga na wa Kivu, sioni kizuizi cha kufanya vivyo hivyo, ila tu kwamba lazima mtu ajue kwanza analima kitu gani.

Juu ya uchovu wa akili, huzuni na «mishipa», ambayo vitabu vya Kifaransa vya *aromathérapie* vinaisifia sana tangu Gattefossé alipolitumia neno hilo katika kitabu chake cha mwaka 1937, tuseme kwamba harufu nzuri humfurahisha mtu, na furaha ni kitu. Zaidi ya hapo ushahidi ni mwembamba.

Hatari

Estragoli ndiyo inayohitaji maneno mengi zaidi. Kuanzia miaka ya 1970 majaribio kwa panya yalionyesha kwamba dutu hii, ikibadilishwa ndani ya ini, hugeuka kuwa kitu kinachong'ang'ania chembe za urithi na kuzaa uvimbe wa saratani. Mwaka 2001 kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya inayoshughulikia vyakula ilihukumu kwamba estragoli huharibu chembe za urithi na huleta saratani kwa wanyama hao, ikashauri kiasi kinacholiwa kipunguzwe. Baadaye sheria ya Ulaya ya mwaka 2008 juu ya viungo vya ladha ilikataza kutia estragoli yenyewe katika vyakula. Ndugu yake, methili-eujenoli, ambayo hupatikana pia katika mirihani kadhaa, iliwekwa mwaka 2023 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu ambavyo yaelekea huleta saratani kwa binadamu. Uchunguzi wa Waitalia juu ya mrihani wa Genova umeonyesha kwamba methili-eujenoli huwa nyingi katika miche isiyofikia sentimeta 10, na kwamba mmea ukikua eujenoli huchukua nafasi yake. Hata umri wa mche, basi, hubadili kilichomo.

Je, tuache kula mrihani? La. Na hapa turudie hesabu yetu. Mpishi anayetia majani matano katika mchuzi wa samaki ametia gramu mbili au tatu, yaani sehemu ndogo ya tone, na mchuzi huo unaliwa na watu sita. Anayefuata ushauri wa mchuuzi na kumeza matone kumi kwa siku amekula dutu za gramu 200 za majani, kila siku, peke yake. Hakuna mpishi wala mganga katika historia aliyewahi kuagiza kipimo hicho. Tone si jani lililofupishwa; ni jani lililozidishwa. Mapokeo ya miaka mia ya matumizi ya majani, ambayo wauzaji hupenda kuyataja ili kutuliza hofu ya mnunuzi, hayawezi kutoa ushahidi juu ya kichupa.

Hatari nyingine tuzipitie kwa ufupi. Linaloli iliyokaa muda mrefu hewani huungana na oksijeni na kuwa kitu kinachowasha na kuzoesha ngozi kuchukia. Kwa hiyo kichupa kifungwe vizuri, kiwekwe gizani na pasipo joto, na mafuta ya zamani yasipakwe. Eujenoli hupunguza kuganda kwa damu, na asiimeze mtu anayetumia dawa za kulegeza damu wala anayengojea kupasuliwa. Watoto wadogo waliomeza mafuta ya karafuu, ambayo kwa sehemu kubwa ni eujenoli, wamewahi kuharibika ini. Kamfa isikaribishwe puani wala kifuani mwa mtoto mchanga. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha aache mafuta haya yote kwa kunywa, naye asiyajaribu kwa kupaka bila kauli ya mganga wa hospitali. Na hakuna mtu, mkubwa au mdogo, anayepaswa kuyapaka yakiwa matupu: kwa mafuta ya kemotipi ya linaloli, matone sita ndani ya vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya alizeti ni kama asilimia moja, na yanatosha kwa kuchua mgongo au miguu. Yale ya estragoli yanahitaji kuzimuliwa zaidi sana, wala si ya kutumiwa kila siku.

Yale ambayo kichupa chapaswa kusema

Mnunuzi asiye na maabara ana kipimo kimoja cha nyumbani. Adondoshe tone juu ya karatasi nyeupe na kungoja hadi kesho yake. Mafuta ya harufu yaliyo safi huruka na kuacha karatasi kavu, labda na kivuli hafifu. Yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia huacha doa linalong'aa. Kipimo hiki hufichua udanganyifu mmoja tu. Hakitofautishi estragoli na linaloli, kwani zote huruka. Pua iliyozoezwa yaweza: bizari tamu kwa upande mmoja, giligilani na maua kwa upande mwingine, karafuu, na karafuu maiti. Nadhani wanafunzi wetu wa Kiswahili wakifanya uchunguzi wa majina ya mimea vijijini wangefaidika kuuliza, pamoja na jina, mmea unanukia nini. Jibu la mwenyeji litakuwa na kemia ndani yake.

Lakini jukumu lisiachiwe pua ya mnunuzi. Shirika la kimataifa la viwango, lilipotoa mwaka 1998 kiwango chake nambari 11043, halikukiita kiwango cha «mafuta ya mrihani» tu. Kichwa chake kinataja jina la Kilatini la spishi na aina ya dutu, yaani methili-kavikoli. Ikiwa wafanyabiashara wa dunia huhitaji maneno hayo ili wasidanganyane, mama wa Kamalondo au wa Kadutu ana haki ya kuyasoma katika lugha anayoielewa. Maneno «100 % pure et naturelle» hayamwambii lolote, kwa kuwa estragoli nayo ni safi na ni ya asili.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kibandiko cha Kiswahili kiwe na mambo haya, na kwamba idara zetu za lugha zishirikiane na zile za famasia na kilimo katika kuyaandika. Mfano mmoja ungekuwa hivi: «Mafuta ya harufu ya mrihani, *Ocimum basilicum*, kemotipi ya linaloli, vilele vyenye maua, vilivyokenekwa kwa mvuke, mahali na mwezi wa mavuno. Si ya kunywa. Yazimuliwe kabla ya kupakwa. Yasitumiwe kwa mtoto mchanga wala kwa mama mwenye mimba.» Na kwa lile pipa la jirani: «Mafuta ya harufu ya kivumbasi, ndiyo lumbalumba, *Ocimum gratissimum*, kemotipi ya eujenoli», pamoja na maonyo yale yale, na moja zaidi juu ya wanaotumia dawa za kulegeza damu.